Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Mliponiaga pale ofisini mlinipa saa ya ukutani. Nimeifikiria sana zawadi hiyo. Mtu anaamka kwa saa, anakula kwa saa, anatoka kazini kwa saa, halafu siku anayoambiwa pumzika, huna haja tena ya kujua saa, anakabidhiwa saa. Nilishukuru, nikapiga picha nayo, nikaiweka chini ya kitanda. Baadaye ilipata pa kwenda.

Mliomba niwaandikie kidogo juu ya kazi ya usaili wa utafiti, ninyi mnaobaki na mabegi na fomu. Vyeo sitavigusa, kwa sababu nilipata kimoja tu na hakikuandikwa popote. Elimu yangu ni kidato cha nne, kwa daraja ambalo mke wangu huniomba nisilitaje mbele ya watoto.

Cha kwanza kujua ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishafika kwangu Kiseke nikavua viatu, hata harusi ikiwa kwa jirani nitasimuliwa kesho. Saa mbili usiku niko kitandani, na ndiyo maana mkaniita Kuku. Isitoshe, ni Mkerewe anayeogopa maji. Ndugu zangu kule kisiwani wakinitaja hushusha sauti, kama wanavyotaja mgonjwa. Sasa mtu wa aina hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kuingia nyumba za watu wengine, nyingine zikiwa ng'ambo ya ziwa.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda Usagara na Sista Perpetua, muuguzi mstaafu aliyekuwa akituongoza wasaili. Tulimkuta mzee mmoja anakagua ng'ombe wake. Mimi, kwa haraka ya kuonyesha kwamba nimejiandaa, nilifungua jalada nikiwa bado nimesimama, nikamuuliza maswali ya mwanzo ya fomu, yale ya kupima kumbukumbu.

"Mzee, leo ni siku gani?"

Akanitazama.

"Na hapa tulipo ni wapi?"

Mzee akamgeukia Sista. "Mama, huyu mwenzio mmemtoa wapi? Hajui siku, hajui alipo. Mketisheni, mpeni maji."

Nikaketishwa. Nikapewa maji. Sista Perpetua alicheka hadi akashika nguzo ya zizi, na tulipokuwa tunarudi akanipa mafunzo yote ya kazi hii kwa maneno machache. Usiulize swali ukiwa umesimama, maana anayeuliza amesimama ni askari. Mtu anapochora au anapofikiri, funga mdomo wako, hata akikaa kimya mpaka chai ipoe. Na kabla hujafungua fomu, sikiliza salamu.

"Salamu ndiyo swali la kwanza, Bwire," alisema. "Huku Usukumani asubuhi watu wanaamkiana 'mwangaluka'. Jua likishapinduka wanasema 'mwadila'. Mtu akikusalimia ya asubuhi wakati wa jioni, andika pembeni. Fomu haina nafasi hiyo, lakini wewe andika."

Niliandika pembeni miaka yote. Wale wa kuingiza data kwenye kompyuta walininung'unikia sana, na ninawaomba radhi hapa, ingawa sijutii.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa usingizi wa wazee, kinga za mwili wao, na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomla mtu kumbukumbu kidogo kidogo. Jina hilo lilinichukua wiki mbili kulitamka. Sista alisema "alizaima", nami kwa muda mrefu nikadhani ni kitenzi: mimi nilizaima, yeye alizaima, sisi tulizaima. Vifaa vyetu havikuwa vingi. Penseli mbili, kifutio, chupa za damu ambazo alizishika Sista peke yake, na saa bubu. Saa bubu ndivyo tulivyokiita kile kidude cha mkononi kisicho na mishale wala namba, kinachorekodi jinsi mtu anavyolala, anavyotembea na mwanga anaoupata. Wazee walikidharau. Saa gani hii haisemi saa?

Halafu kulikuwa na Hakimu. Mojawapo ya majaribio ni kumwambia mzee achore uso wa saa, aweke namba zote, kisha mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Mtu ambaye ubongo wake umeanza kuchoka hupotea hapo: namba zinajazana upande mmoja, au mishale inakimbilia pasipo mahali pake. Kusahihisha tulikuwa na karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, imechorwa jibu, nasi tukaiita Hakimu. Unaiweka juu ya mchoro wa mzee. Mishale ikilala juu ya mishale, amepata. Isipolala, sifuri. Hakimu hana huruma, na mimi nilikuwa karani wake mwaminifu.

Sasa nifike kwa mama Milembe. Hilo ni jina lake kweli, tena aliniambia nikilibadilisha nisirudi kwake.

Maisha yake yote alianika dagaa upande wa Kamanga. Kukipambazuka yuko ufukweni kupokea mitumbwi, jua likiwaka yuko anageuza dagaa, likizama amelala. Kisha akapata nimonia kali, na mwanawe Sospeter, mtu mwema kabisa, akamvusha na kumleta kwake Kiseke, mitaa mitatu kutoka kwangu. Akampa chumba cha ndani, chenye ubaridi mzuri na pazia zito, ili apumzike. Alipumzika miezi mitano. Nimonia ikapona, lakini mama akaharibika. Mchana anasinzia. Usiku anajifunga kanga kiunoni na kutafuta mlango, anasema mitumbwi imefika. Mafua hayakumtoka, na kidonda kidogo cha mguuni kiligoma kufunga.

"Mama amerudi utotoni," Sospeter aliniambia mlangoni kwa sauti ya chini. "Ukoo unakutana mwisho wa mwezi. Wanangoja barua ya daktari wenu tu. Akisema ni ule ugonjwa, nyumba ya Kamanga tunamkabidhi baba mdogo, na mama hatoki tena hapa."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema anataka kwenda kwake. Lakini si ndiyo huo ugonjwa, mzee wangu? Wote wanataka kwenda kwao."

Nilimkuta amekaa kitandani chumba kikiwa giza, na nje ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, bibi."

"Bibi yako nani, na mvi zote hizo? Mwadila."

Mwadila, saa tatu asubuhi. Nikaandika pembeni.

Mengine aliyajibu vizuri, mengine vibaya. Siku aliikosa, mwezi akaupata. Nikampa penseli, nikamwambia achore saa. Akachukua kikombe kitupu cha uji, akakifunika kwenye karatasi, akazungusha penseli: duara safi kuliko la Hakimu. Namba akaziweka moja moja akihesabu kwa midomo. Nikasoma kama ilivyoandikwa: weka mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi. Akaweka mshale mfupi kwenye tano, umepita kidogo, na mrefu kwenye mbili. Hakutetemeka.

Nikamtoa Hakimu. Mshale wa Hakimu ulikuwa juu kwenye kumi na moja. Wa mama Milembe ulikuwa chini kwenye tano. Sifuri.

"Nimepata?" akauliza.

Haturuhusiwi kumwambia mtu amepata au amekosa. Kuna jibu moja tu tulilofundishwa, nikalitoa.

"Asante, mama. Umejitahidi."

Akanirudishia penseli taratibu. "Nimesoma darasa la pili tu, lakini umejitahidi naijua. Wanaambiwa waliofeli."

Nilijumlisha alama nikiwa nimesimama pale uani. Sifuri ile ilimshusha chini ya mstari wa kufaulu. Karatasi ikaenda ofisini, barua ikaanza kuandikwa.

Siku tatu baadaye nilikuwa narudi nyumbani jioni kwa mwendo wangu wa kawaida, ule wa mtu anayekwenda kuvua viatu. Mama muuza nyanya wa pale kona ya ofisini akaniita.

"Mzee Bwire, saa ngapi? Simu yangu imezima."

Nikatazama mkononi. "Saa kumi na moja na dakika kumi."

"Ahsante."

Nikapiga hatua mbili, nikasimama. Nikatazama tena. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tano, umepita kidogo. Mrefu ulikuwa kwenye mbili. Kwenye mkono wangu mwenyewe palikuwa na mchoro wa mama Milembe.

"Umesahau kitu?" akauliza mama wa nyanya.

"Mama yangu, tena kikubwa."

Ninyi mmeshaelewa, maana mna akili kuliko mimi. Fomu ilitafsiriwa na mtu hodari wa kamusi. Aliona kumi na moja kwenye lugha ya wenyewe, akaandika kumi na moja kwenye yetu. Lakini huku saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Mshale ukiwa kwenye saba tunasema saa moja, ukiwa kwenye kumi na moja tunasema saa tano, na saa kumi na moja ni mshale kwenye tano, wakati wa kufunga ofisi. Mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi mwenyewe nimetoka kazini saa kumi na moja maisha yangu yote, mshale ukiwa kwenye tano, na kesho yake asubuhi nawapa wazee sifuri kwa kuuweka hapohapo. Miezi saba niliwakosesha watu kwa kosa la kujua Kiswahili. Waliofuzu ni wale waliotafuta tu namba ilipoandikwa 11 wakabandika mshale.

Usiku huo Kuku hakulala. Mke wangu alidhani nina homa.

Asubuhi nilikwenda kwa Daktari Neema, kiongozi wa utafiti, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, mwenye vyeti vingi kuliko madirisha ya nyumba yangu. Alikuwa anapitia barua, na ya mama Milembe ilikuwa juu. Ilikuwa saa tano kasoro. Nikaomba kukaa. Nikakaa. Nikafunga mdomo, kama nilivyofundishwa.

"Mzee Bwire, una shida?"

"Nangoja, daktari."

"Unangoja nini?"

"Saa."

Sista Perpetua, aliyekuwa mezani anabandika majina kwenye chupa, akanitazama kama yule mzee wa Usagara. Nikangoja mpaka mishale ya saa ya ukutani ikafika nilipotaka. Hapo nikainuka.

"Daktari, naomba unisomee saa ile."

"Saa tano na dakika kumi."

Nikapanda kiti, mimi ninayeogopa hata ngazi, nikamweka Hakimu juu ya kioo cha saa ya ukutani. Ukubwa haukulingana, lakini mishale ililala juu ya mishale.

"Hakimu anasema ni saa kumi na moja na dakika kumi," nikasema. "Umefeli, daktari."

Sista ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilianza chini kabisa, kikapanda, chupa zikagongana. Daktari Neema alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Wangapi?" akauliza.

"Wote niliowasahihisha. Na wenzangu pia."

"Mungu wangu. Shuka hapo juu, mzee, usianguke kabla hatujakushukuru."

Barua ikachanwa mbele ya macho yangu. Tulifungua makabati, tukasahihisha upya fomu zote, swali likachapishwa kwa saa tano na dakika kumi, na waliobandika mshale kwenye 11 tukawarudia mmoja mmoja. Hakimu wa zamani nilimkata kwa mkasi. Sijawahi kufurahia mkasi kiasi hicho.

Mama Milembe alipanda juu ya mstari. Lakini Daktari Neema hakuwa mtu wa kushangilia nusu ya habari. Alifungua rekodi za saa bubu tulizokuwa tumewavalisha wazee, akaniita nione. Mistari ya watu wengine ilikuwa na mlima mchana na bonde usiku. Ya mama Milembe ilikuwa kama ziwa lenye upepo, mawimbi madogo saa zote, na mwanga karibu hakuna.

"Mwili una saa yake, mzee," alisema. "Kubwa iko ndani ya ubongo, na kinachoirekebisha kila siku ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Askari wa kinga wanaifuata hiyo hiyo. Wana zamu. Kuna saa za kupigana, kuna saa za kukarabati. Hata ubongo una wafagiaji wake, na kazi yao hutegemea usingizi. Saa ikivurugika, askari wanaingia nje ya zamu, wanawasha moto pasipo na adui. Vidonda vinachelewa kupona, mafua yanarudi, taka zinabaki ubongoni. Tunashuku ndiyo njia mojawapo ya Alzheimer kuingia."

"Mnashuku?"

"Tunashuku. Na wakati mwingine ni kinyume, ugonjwa wenyewe ndio unaoivunja saa. Kwa huyu mama sijui kipi kilitangulia. Kusahau kidogo anasahau kweli. Ila saa yake tunaweza kujaribu kuirudisha kabla hatujampa jina la ugonjwa."

Kisha akanitazama. "Wewe unalala saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kila siku?"

"Hata Krismasi."

"Mnasikia?" akawaambia wenzangu waliokuwa wamejazana mlangoni. "Mnamcheka Kuku, kumbe ndiye peke yake hapa mwenye saa nzima."

Kuanzia siku hiyo mkaniita Jogoo. Hicho ndicho cheo changu, na sikuomba kingine.

Sospeter hakushawishika kirahisi. Nilipomwambia dawa ni kumtoa mama nje jua linapochomoza, kung'oa pazia, na kuzima televisheni mapema, alinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, nimengoja daktari miezi yote hii, unaniletea jua?"

"Ndilo alilokuwa nalo Kamanga ukamnyang'anya," nikasema, kisha nikajuta, maana alikuwa kijana mwema. Akaingia ndani, nikasikia pazia linachanika.

Mkutano wa ukoo ukaahirishwa kwa wiki sita. Kwa kuwa njia yangu ya kazini ilipita pale, nilianza kupitia kila asubuhi, si kwa fomu, kwa salamu tu. Namkuta mama kwenye kigoda uani, anachambua mchele. Wiki ya kwanza: mwadila. Ya pili: mwadila. Nilianza kuchoka kuandika pembeni. Wiki ya nne, siku ya Jumanne, nimeinamia kufunga kamba ya kiatu, nikasikia nyuma yangu:

"Mwangaluka, wewe mwenye mvi. Leo umechelewa."

Nilichelewa kweli. Dakika kumi.

Usingizi ulijikusanya usiku, mafua yakapungua, na kidonda kikafunga. Daktari alionya tusiseme ni jua peke yake, huenda na dawa ya kidonda ilisaidia, na mimi nayaandika maonyo yake hapa kama alivyosema. Lakini mama alipopimwa upya, saa tano na dakika kumi ilikaa pale inapokaa saa tano. Ukoo ulipokutana, barua iliyosomwa ilisema mama anasahau kidogo, atafuatiliwa kila mwaka, na anaweza kuishi kwake akiwa na mtu wa kumsaidia. Baba mdogo alipiga makofi ya kistaarabu.

Walitaka mtu wa ofisi amsindikize kurudi Kamanga. Wenzangu wote wakanielekezea vidole. Nilivuka kwenye kivuko nimeshika chuma kwa mikono miwili, macho nimefumba. Mama Milembe alikula karanga njia nzima.

"Mkerewe," alisema, "fumbua. Maji hayajui kama umefumba."

Hayo ni ya zamani sasa. Mwezi uliopita nilivuta ile saa yenu chini ya kitanda. Siku hizi lipo daraja, na mtu mwoga anaweza kuzunguka kwa Usagara akafika Kamanga bila kulowa hata roho. Mke wangu alidhani ndivyo nitakavyofanya. Nilipanda kivuko. Hakuna aliyenituma, hakuna fomu, na katikati ya ziwa nilifumbua jicho moja.

Nilimkuta katikati ya dagaa wake. Majina ya wajukuu wawili aliyachanganya, langu halikumpotea.

"Mwangaluka, Bwire. Umeniletea nini?"

"Mwangaluka, mama. Saa."

Akaiweka sikioni. "Hii angalau inasema." Akamwita binti anayemsaidia aitundike nguzoni. Halafu akaokota kijiti, akanipa, akanionyesha mchanga.

"Na wewe sasa. Chora saa. Mishale ionyeshe saa kumi na moja na dakika kumi."

Miaka yote ile kwenye kazi, na nikachuchumaa kama mwanafunzi. Nilichora duara, likatoka kama kiazi. Namba zangu zilijazana upande mmoja, tisa ikakosa pa kukaa. Mshale mfupi niliuweka kwenye tano, huo sikukosea. Yeye alikaa kimya muda wote, mdomo umefungwa, kama aliyefundishwa na Sista Perpetua.

"Nimepata?" nikauliza.

Mama Milembe aliinamisha kichwa upande mmoja, akautazama mchanga, akanitazama mimi.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umejitahidi."